Dakika za Chini

Alikuja dirishani kwangu Januari,
mwezi ambao Bodø hulisikia jua kwa majirani,
akaweka mezani daftari la jalada la kijani
na kofia juu yake, kama afunikaye chungu.
"Meja Eivind Storjord," akasema.
Kisha akajirudi: "Eivind tu."

Mimi ni karani wa leseni. Kazi yangu kujumlisha.
Saa elfu moja mia tisa na kumi na mbili,
zote kwenye ndegevita ya kiti kimoja,
na kwenye safu ya jina la rubani mkuu ameandika
Mimi.
Mimi, Mimi, Mimi, ukurasa hadi ukurasa,
kama mtoto aliyepewa neno moja la kufanyia mazoezi ya mwandiko.

Abiria? nikamuuliza.
Hakuna.
Mizigo?
Akatabasamu upande mmoja. "Ya kwenda nayo, ipo.
Ya kurudi nayo, tuliomba iwe ileile."

Jeshini, akanieleza, saa huzaliwa
magurudumu yakiiacha ardhi
na hufa yakiigusa.
Kwetu raia huzaliwa mapema:
ndege ikijivuta tu kutoka maegeshoni
kwa nia ya kuruka.

Basi nina deni lako, nikamwambia.
Kanuni inaniruhusu kukuongezea dakika za chini,
zile ulizongoja theluji ifagiliwe,
pua ya ndege imeelekea giza,
mkono juu ya goti.
Alinyamaza. Halafu, kwa sauti ya mtu
aliyekuta noti kwenye koti la zamani:
"Hizo ndizo nilizoogopa. Juu sikuwa na nafasi."

Hesabu haikumwokoa na mitihani.
Kumi na mitatu.
Mtu aliyekuwa akiiacha sauti nyuma yake
akakaa jikoni na soksi za sufu,
akikariri uzito wa begi la abiria,
mlango wa dharura hufungukia wapi,
rubani alale saa ngapi kisheria.
Bintiye Solvor, miaka tisa, alimshikia kadi za maswali:
"Umekosa, baba. Tena."
Somo la hali ya hewa akaanguka.
Hali ya hewa!
"Naijua kwa mgongo," alinilalamikia kwenye simu,
"wao wanaitaka kwa jina."

Kigumu zaidi kilimngoja
kwenye mashine ya kuigiza safari:
kiti cha pili kilikuwa na mtu.
Tyra Benonisen, miaka ishirini na tisa,
mtafunaji wa karafuu.
Injini ya kushoto ikawaka moto wa uongo,
na mikono ya Eivind ikafanya yote,
haraka, sawasawa,
kimya.
Mkufunzi akaizima mashine.
"Umewaokoa wote," akasema. "Na umefeli."

Kidole kimoja na chawa: methali aliijua;
mkono ndio haukuwahi kuambiwa.
Ikabidi ajifunze kusema anachokiona,
kuuliza anachokijua,
kutamka "thibitisha"
kisha, jambo lililomtoa jasho kuliko moto,
kungoja jibu.

Leseni niliichapa mwenyewe mwezi Aprili.
Karatasi ilitoka na joto, akaishika kwa ncha za vidole.

Mei nilipanda ndege ya propela kwenda Leknes
kumzika shangazi.
Tulikaa chini muda, mvua ya barafu ikigonga bawa.
Mzee wa kiti cha mbele akaguna, akatazama saa,
akaguna tena ili tumsikie.
Ndipo kipaza sauti kikakohoa:
"Hapa ni rubani msaidizi. Kapteni Benonisen na mimi
tunangoja bawa lisafishwe. Mtuwie radhi."

Meja, chini ya Kapteni.
Na lile neno lake, lililojaza daftari zima,
limekuja mwisho, limeshikwa mkono na *na*.

Nikatazama saa nami.
Dakika ya nane. Ya tisa.
Mzee bado anaguna,
na zote zinaandikwa.